Rufaa Niliyoikata kwa Jina la Marehemu

Baba alizikwa Februari 2019, baada ya alasiri. Sisi wanawake tulikuwa nyumbani, lakini maneno aliyoyasema Ami kando ya kaburi yalitufikia kabla ya magharibi, kwa kuwa ndiyo yasemwayo katika kila maziko ya Lamu: aliyekuwa akimdai marehemu asione haya, na aje. Walikuja wawili. Mmoja fundi seremala ambaye hakuwa amemaliziwa pesa za mlango, wa pili mwenye duka la saruji aliyekuwa na mifuko sita kwenye daftari lake. Tukawalipa hata hitima haijafika.

Mdai wa tatu hakuja kwa miguu. Alikuja Julai kwa baruapepe, na barua aliielekeza kwa Baba mwenyewe, kana kwamba yu hai anakunywa kahawa pale Mkunguni. Ilikuwa ni makadirio ya ushuru wa mwaka 2016, 2017 na 2018. Ukijumlisha na faini na riba, shilingi 1,400,000 na ushei.

Niseme jambo moja kabla sijaendelea. Kwetu sisi kodi ni ile anayotoa mpangaji, na kinachodaiwa na serikali ni ushuru. Nitayatenga maneno haya hivyohivyo, maana ugomvi wenyewe ulikuwa ni wa ushuru wa kodi, na ukiyachanganya utapotea kama nilivyopotea mimi.

Baba alikuwa na vijumba viwili Mkomani na kimoja Langoni, vyote vimepangishwa watu wakae. Kodi yake kwa mwezi, vyote vitatu, haikuzidi shilingi 30,000. Tangu Januari 2016 sheria ya Kenya ilimtaka mwenye nyumba anayepata kati ya shilingi 144,000 na milioni 10 kwa mwaka atoe asilimia 10 ya kodi yote anayopokea kwa nyumba za kuishi, kila mwezi. Baba hakutoa hata senti. Si kwa ujanja. Nadhani hakujua kwamba vijumba vile vinahesabika. Lakini hakutoa, na deni ni deni.

Ila 1,400,000 haikutoka kwenye vijumba. Kaka yangu yuko Muscat, na miaka ile alikuwa akijenga nyumba Shela. Pesa za mawe, boriti, chokaa na mafundi zilipita kwenye akaunti ya Baba. Ofisi ya ushuru ilipoitazama akaunti iliona pesa zinaingia, na kila kilichoingia ikakihesabu kuwa ni mapato ya mzee. Kwa hivyo kesi tulikuwa nayo, tena nzuri. Risiti za Shela zilijaa kapu zima. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba tulichokosa hakikuwa hoja.

Barua ile ilikaa karibu wiki tatu bila kusomwa, kwa sababu baruapepe ya Baba ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa kwa mpwa wangu, na mpwa wangu alikuwa akiitumia kutazama mpira. Aliponionyesha nilikimbilia kuhesabu siku. Anayepinga makadirio hupewa siku 30 tangu apate taarifa. Zilikuwa zimebaki nane.

Basi nikafanya nililolizoea. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka kumi ndiye niliyekuwa mwandishi wa Baba: barua zake, mikataba yake ya wapangaji, namba zake za siri, vyote vilikuwa kwenye daftari moja la jalada la kijani. Nikafungua akaunti yake ya ushuru kwenye mtandao, nikaandika pingamizi. "Mimi napinga makadirio haya kwa sababu zifuatazo…" Mimi, yaani yeye. Mama, aliyekuwa ametoka eda mwezi uliopita, alikuwa amekaa kwenye mkeka akinisikiliza nikisoma kwa sauti. Akaniuliza, "Mwenyewe yuko kaburini, nawe wamwandikia barua?" Nikamwambia ni utaratibu tu wa mtandao. Laiti ningelitua hapo nikalifikiri lile swali! Kila kitu tulichokipoteza baadaye kilikuwa ndani yake.

Nilikuwa na ngao mbili, au nilidhani ni ngao.

Ya kwanza ni hati ya uwakilishi. Mwaka 2017 Baba alipougua macho alinipa hati mbele ya wakili, niweze kumtilia sahihi katika mambo yake yote. Niliitunza kama hirizi. Ya pili ilitoka Mahakama ya Kadhi, tuliyoipata mara baada ya eda, ikitaja warithi na mafungu yao: mali igawanywe mafungu 32, Mama achukue 4, kaka 14, mimi na dada yangu 7 kila mmoja. Niliamini kwamba mtu mwenye hati ya marehemu mkono wa kulia na hukumu ya Kadhi mkono wa kushoto hawezi kuulizwa wewe ni nani.

Pingamizi lilikataliwa Septemba. Ofisi ya ushuru ina siku 60 za kujibu, na ikipitisha siku hizo bila uamuzi, pingamizi huhesabiwa limekubaliwa. Kwetu walijibu ndani ya muda: ushahidi hautoshi, makadirio yabaki palepale. Na kweli ushahidi haukutosha, maana risiti za kaka wakati ule zilikuwa bado kwenye kapu huko Shela.

Tukaenda kwa Jopo la Rufaa za Ushuru. Wakala mmoja wa ushuru, kijana hodari wa hesabu, alituandalia makaratasi. Taarifa ya rufaa iliwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, ada ya shilingi 20,000 isiyorudishwa ikalipwa, na ndani ya siku 14 tukapeleka hati ya rufaa, maelezo ya mambo yalivyokuwa, na nakala ya uamuzi wenyewe. Tarehe zote tulizipatia. Nilijisifu sana kwa hilo. Nilimwambia dada yangu kwamba watu hushindwa kwa kuchelewa, na sisi hatukuchelewa.

Ukurasa wa kwanza, mahali pa mkata rufaa, paliandikwa jina kamili la Baba. Ukurasa wa tatu, kwenye maelezo, paliandikwa kwamba mkata rufaa alifariki dunia Februari 2019. Kurasa mbili tu kati ya jina na kifo, na hakuna kati yetu aliyeona kitu. Mimi ndiye niliyetaka kile kifo kitajwe; nilifikiri kitawatia huruma. Sahihi ya chini ilikuwa yangu, "kwa niaba yake, kwa mujibu wa hati ya uwakilishi".

Kusikizwa kulikuja mwaka 2020, korona imepamba moto, kwa njia ya mtandao. Nilipanda darini kwa ajili ya mawimbi ya simu. Wakili wa upande wa pili hakugusa Shela, hakugusa benki, hakugusa hata vijumba vya Mkomani. Alisema ana hoja moja ya awali: kwa karatasi za mkata rufaa mwenyewe, mkata rufaa alikuwa ameshafariki rufaa ilipowasilishwa. Maiti hawezi kukata rufaa. Hati ya uwakilishi nayo hufa pamoja na aliyeitoa. Ikaja kuandikwa kwamba rufaa ni batili tangu mwanzo, nayo ikafutwa. Kapu la risiti halikufunguliwa.

Mwezi mzima niliwalaumu. Nikisema hawa ni watu wa vijisababu, wameona haki iko kwetu wakaikimbia kwa mlango wa uani. Sasa sisemi hivyo. Nilipopoa nilipanda boti hadi Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, mpaka Malindi, nikamwone wakili wa mirathi niliyeelekezwa na shemeji. Mzee mpole, anasikiliza akichora viduara kwenye karatasi.

Alipomaliza kusoma aliniuliza, "Mwalimu, rufaa hii nani aliikata?"

"Baba."

"Na Baba alikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanitajia kesi ya mazishi ya S.M. Otieno, ile ya mwaka 1987 ambayo kila Mkenya wa rika langu ameisikia kwa ajili ya ugomvi wa wapi azikwe. Watu wanakumbuka mazishi, akasema, mawakili wanakumbuka neno jingine: kwamba msimamizi wa mali ya mtu aliyekufa bila wosia hana uwezo wa kushtaki kama msimamizi mpaka mahakama impe hati ya usimamizi. Uwezo wake unatoka kwenye hati, na unaanza siku ya hati. Haurudi nyuma kuyafunika aliyoyafanya kabla. Mtu aliyeteuliwa na wosia ni mwingine, kwani uwezo wake unatoka kwenye wosia na unaanza siku ya kifo. Baba hakuacha wosia. Alikuwa akisema wosia ni wa matajiri.

Nikatoa karatasi ya Kadhi. Akaisoma kwa heshima, akairudisha. "Hii imesema nani anapata nini. Haikusema nani anasimama." Nilimwona kama anacheza na maneno, hadi aliponiuliza: ikiwa warithi ni wanne, na kila mmoja ni mrithi wa kweli, ofisi ya ushuru imsikize yupi? Kaka akisema tulipe, mimi nikisema tupinge, dada akisema tuuze kijumba cha Langoni? Mrithi ana haki kwenye mali. Kusema kwa niaba ya mali ni kazi nyingine, nayo anapewa mtu maalumu.

Hapo nikatoa hoja niliyokuwa nimeilalia kwa wiki nyingi. Wao pia walimwandikia maiti! Makadirio ya Julai yalikuwa kwa jina la mtu aliyekufa Februari. Kama rufaa ya maiti ni batili, makadirio ya maiti je?

Alicheka kidogo. Alisema hoja hiyo ina uzito wa kutosha kubishaniwa, ingawa watasema hawakuarifiwa, na kweli hatukuwaarifu; namba ya ushuru ya Baba ilikuwa hai, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiingia humo kama yeye. Lakini hata kulalamika kwamba barua imeandikiwa maiti, anatakiwa mtu mwenye haki ya kulalamika. "Rudi palepale, Mwalimu. Nani anasema?"

Nilimuuliza kama tungeweza kubadilisha jina tu, tutoe la Baba tuweke langu. Jirani yetu alifanya hivyo kwenye kesi ya shamba. Akanieleza tofauti ambayo naiona ndiyo kitovu cha mambo haya yote, na ambayo wakala wetu wa hesabu hakuijua. Mtu akifa kesi yake ikiwa tayari iko mahakamani, kesi hai inamngoja mtu wa kuishika. Katika kesi za madai za kawaida msimamizi ana mwaka mmoja wa kuomba kuingizwa mahali pake, ukipita kesi inakufa. Hilo ndilo la jirani. Lakini kesi iliyofunguliwa na mtu aliyekwisha kufa haikuzaliwa. Hakuna pa kumwingiza yeyote.

Kisha akauliza, kama kwa kupitia tu, "Na kodi ya vile vijumba anakusanya nani tangu mzee afariki?"

"Mimi."

Akaweka kalamu chini. Kumbe kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ile ada ya jopo, shilingi 20,000, niliitoa kwenye kodi ya kijumba cha Langoni. Nilikuwa nimeharibu mlango na dirisha kwa pamoja. Alinishauri niandike kila shilingi niliyopokea na kila niliyotoa, niikabidhi hesabu hiyo kwa msimamizi atakayepatikana, hata akiwa ni mimi mwenyewe.

Jambo lililoniuma zaidi alilisema tukiwa mlangoni. Ipo hati ya usimamizi yenye mpaka, inayotolewa kwa ajili ya kuendesha kesi tu, si kugawa wala kuuza, na hupatikana upesi kuliko hati kamili. Hata zile siku nane za Julai 2019 zisingelitosha, ningeweza kuiomba, halafu nikaomba muda wa ziada wa pingamizi, maana sheria inaruhusu kuongezewa muda kwa aliyekuwa nje ya nchi, aliyeugua, au mwenye sababu nyingine ya maana, mradi asikae tu. Kifo na mirathi ni sababu ya maana. Haraka yangu ndiyo iliyoniponza: niliwahi tarehe, nikamwacha mtu.

Tukaanza upya. Thamani ya mali, pamoja na nyumba ya Mama tunayoishi, ilizidi uwezo wa hakimu wetu, kwa hivyo faili ikafunguliwa Malindi katika Mahakama Kuu. Cheti cha kifo tulikuwa nacho. Barua ya chifu inayowataja waliobaki nyuma ya marehemu ilichukua siku mbili na vikombe vitatu vya chai. Ridhaa ya dada ilikuja kwa boti kutoka Faza. Ridhaa ya kaka ndiyo iliyotuchelewesha, karatasi kwenda Muscat na kurudi, mara sahihi imesahaulika, mara muhuri.

Na Ami. Ami hakutaka jina langu. Alisema msimamizi awe mwanamume, kaka yuko, na kama kaka yuko mbali basi yeye Ami yuko karibu. Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyoona dunia. Mama, ambaye husema kidogo mbele ya shemeji yake, alimuuliza, "Aliyemshikia daftari miaka kumi ni nani?" Kukawa kimya. Nikaandikwa mimi na kaka, wasimamizi wawili. Sheria inaruhusu hadi wanne. Tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za mwenye kipingamizi zikapita bila mtu, na Machi 2021 tukaipata hati ya usimamizi. Kila mtu mahakamani huiita granti. Ni karatasi moja tu, yenye muhuri mwekundu.

Ami alitaka tugawe mara moja, tuupe kisogo ushuru. Hapo nilikuwa nimeshajua kujibu. Sheria inamtaka msimamizi alipe madeni kabla ya kugawa, na dini imesema hivyohivyo zamani zaidi: mazishi, deni, wosia, ndipo mirathi. Nikamkumbusha ni yeye aliyesimama makaburini kuwaita wadai. Akasema, "Sikuwaita hao." Lakini alicheka, na hakurudia.

Wakili hakurudi kwenye jopo. Alisema rufaa husimama juu ya uamuzi wa pingamizi, na pingamizi letu nalo liliandikwa na maiti. Ukirekebisha ukuta ukaacha msingi umepinda, utajenga mara tatu. Akaandika ombi la kupinga nje ya muda, kwa jina letu wawili, "wasimamizi wa mali ya marehemu", na granti ikashikizwa juu. Tukaeleza ucheleweshaji kwa tarehe: kifo, eda ya miezi minne na siku kumi, barua iliyokaa kwenye simu, rufaa iliyofutwa, korona, Muscat. Palikuwa na miezi kama mitatu ya 2020 isiyokuwa na maelezo. Nilitaka kuizibia na uongo mdogo wa ugonjwa. Akakataa. Tukaandika kwamba msimamizi wa kwanza hakuwa akijua njia ya kisheria na alikuwa akitafuta ushauri, ambayo ni namna ya adabu ya kusema kwamba nilikuwa nimekasirika, nimekaa.

Ofisi ya ushuru ikakubali. Safari hii kapu la Shela lilifunguliwa. Jioni kwa jioni, nikimaliza kusahihisha vitabu vya watoto, nilipanga kila muamala wa benki mbele ya risiti yake: kaka katuma leo, kesho yake boriti zimenunuliwa, keshokutwa punda wamelipwa kubeba mawe. Jawabu lilikuja kabla ya siku 60. Pesa za ujenzi ziliondolewa zote isipokuwa mafungu mawili madogo tuliyoshindwa kuyatolea risiti. Mbali na hayo mawili, ikabaki kodi: shilingi 360,000 kwa mwaka, ushuru 36,000, miaka mitatu 108,000, pamoja na faini na riba zake. Tulilipa. Ndilo deni ambalo Baba angelilipa kwa kunung'unika.

Ikabaki ile simu. Mpangaji wa kijumba cha Langoni, kwa mazoea, alikuwa bado anatuma kodi kwenye M-Pesa ya Baba, na mpwa wangu alikuwa akiniletea, nikimwamini, kwa jina la mtu aliyekuwa na zaidi ya miaka miwili ardhini. Nikamchukua mpwa, tukaenda kwenye duka la huduma za simu kuifunga laini na kuzitoa pesa zilizobaki. Kijana wa kaunta alitazama jina kwenye kioo chake, akatutazama sisi.

"Mwenye laini yuko wapi?"

Nikafungua mkoba, nikamsukumia granti.